Maswali ya Wasomaji: Mawimbi Yanapotelea Wapi Njiani?

Barua nyingi za toleo hili zinalia na jambo moja: kitu kimerushwa upande mmoja, na upande wa pili kimefika kidogo au hakikufika kabisa. Tumechagua tano. Wengi mmetuandikia mkiwa mmeshanunua ruta, dishi au mtambo mpya na tatizo likabaki palepale, kwa hiyo majibu yetu yameegemea zaidi kwenye kupima.

Ndugu wahariri, hamjambo. Nyumbani nimeunganishiwa faiba. Jioni nyingine taa ya LOS, ile ya kuonyesha kwamba mwanga haufiki, inawaka nyekundu kwa dakika chache, kisha intaneti inarudi. Fundi alikuja, akachomeka kifaa chake, akasema "uko hasi ishirini na sita, bado uko ndani", akaondoka. Hiyo hasi 26 ni nini, na ni kweli niko ndani? — Msomaji, Dodoma

Hatujambo, ndugu. Hasi 26 ni dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja. Miliwati moja ndiyo 0 dBm. Ukishuka desibeli 10 nguvu inabaki sehemu moja ya kumi, ukishuka 3 inabaki nusu. Kwa hiyo hasi 10 ni miliwati 0.1, hasi 20 ni 0.01, na hasi 26 yako ni kama 0.0025. Mafundi wanapenda kipimo hiki kwa sababu upotevu wa kila kipande cha njia unajumlishwa tu, hakuna kuzidisha wala kugawanya.

Mitandao mingi ya faiba za majumbani ni ya GPON, yaani faiba moja inagawanywa kwa nyumba nyingi, na daraja la nguvu ya mwanga lililozoeleka ni B+. Kwenye daraja hilo kifaa cha nyumbani kinapaswa kuweza kusoma mwanga dhaifu hadi hasi 27, na kisipewe mwanga mkali kuliko hasi 8, maana kitalemewa. Fundi wako hakusema uongo. Ila amekuacha na akiba ya desibeli moja tu, na desibeli moja inaliwa na vumbi kidogo au kebo iliyovutika kwa joto la mchana na kusinyaa jioni.

Swali ambalo hakulijibu ni hili: kwako ilipaswa kuwa ngapi? Hiyo inahesabika. Tuseme mtambo wa kampuni unatoa +3 dBm na uko kilomita 6 kutoka kwako. Mwanga unaokuja nyumbani una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, nao hupoteza kama desibeli 0.25 kwa kilomita, jumla 1.5. Njiani kuna spilita ya kugawa mwanga mara nne, inayokula kama 7.2, na nyingine ya kugawa mara nane, kama 10.5. Viungo sita vya kuchomelewa, 0.1 kila kimoja, ni 0.6. Konekta tano kwa 0.3 ni 1.5. Jumla ni 21.3. Toa kwenye +3, unapata hasi 18.3. Kama wewe unasoma hasi 26, kuna desibeli karibu 8 zisizo na maelezo, yaani mwanga unaokufikia ni kama sehemu moja ya sita ya ule uliotarajiwa. Hesabu ya mtaa wako itatofautiana na hii kidogo, lakini fundi anayejua ni spilita gani ziko juu yako anaweza kuifanya kwa dakika mbili.

Kutafuta desibeli hizo kunaanzia nyumbani kurudi nguzoni. Angalia kwanza kebo nyembamba kati ya kisanduku cha ukutani na kifaa chako. Faiba ya kawaida ya G.652 haitaki kukunjwa kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya milimita 30. Ile ya G.657.A1 inavumilia hadi 10. Iliyozungushwa nyuma ya meza ya televisheni na kubanwa na mguu wa kabati haivumilii chochote. Kisha tazama rangi za konekta. Ya kijani imesagwa kwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari huo. Zikikutanishwa kwenye adapta moja zinaacha mwanya wa hewa katikati na kula desibeli kadhaa, na bado intaneti inaweza kuwaka, ndiyo maana kosa hili hukaa miezi bila kugunduliwa.

Usafi unafuata. Kiini ambamo mwanga unapita kina upana wa kama mikromita 9, hivyo chembe ya vumbi usiyoweza kuiona inaweza kukiziba chote. Kinasafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kwa kufuta upande mmoja tu bila kurudi, kisha kwa sehemu kavu ya kitambaa hichohicho. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu na mate. Na tafadhali usichungulie ndani ya konekta: mwanga huu hauonekani kwa jicho, lakini jicho linaupokea.

Baada ya kusafisha, fundi apime kwenye kisanduku cha ukutani, halafu kwenye kisanduku cha nguzoni, pawamita, yaani kipimo chake cha nguvu ya mwanga, ikiwa imewekwa nanomita 1490. Nguzoni akipata hasi 18 na kwako hasi 26, tatizo ni kebo inayoshuka kwako. Nguzoni nako ikiwa hasi 25, tatizo liko juu zaidi na majirani zako wa spilita ileile wanaumwa ugonjwa huohuo. Mwanga unaotoka kwako kwenda kwa mtoa huduma, wa nanomita 1310, haupimiki kwa pawamita ya kawaida kwa sababu unatoka kwa vipindi vifupi mno. Unahitaji pawamita ya PON inayopitisha mwanga pande zote mbili wakati inapima. Hata hivyo mtoa huduma anaweza kusoma nguvu hizo zote akiwa ofisini kwake. Ukipiga simu, omba akusomee mwanga unaopokelewa mchana na ule wa jioni taa inapowaka nyekundu. Tofauti ya desibeli 2 au 3 kati ya nyakati hizo ni dalili ya kiungo kinachocheza.

Shikamooni wakuu. Mimi ni fundi mdogo wa faiba. Kwenye OTDR, kile kifaa cha kutafuta mahali upotevu ulipo kwenye faiba, kiungo kimoja kinaonyesha upotevu wa hasi 0.12, yaani kama vile mwanga umeongezeka. Bosi anasema mashine ni mbovu. Pia OTDR na pawamita hazikubaliani. Nimwamini nani? — Fundi, Mbeya

Marahaba. Mashine yako ni nzima. OTDR haipimi mwanga uliofika mwisho. Inatuma mpigo wa mwanga na kusikiliza mwanga kidogo unaotawanywa na kioo chenyewe kurudi nyuma. Faiba mbili za viwanda tofauti, au za makundi tofauti ya kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana kidogo upana wa njia ya mwanga, na kwa hiyo hutofautiana kiasi cha mwanga zinachorudisha. Ukitoka kwenye faiba inayorudisha kidogo kuingia inayorudisha zaidi, mstari kwenye skrini unapanda ingawa kiungo kimekula mwanga. Ukipiga kutoka upande wa pili, kiungo hichohicho kitaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Dawa yake ni kupiga pande zote mbili na kuchukua wastani. Upande wa kwanza umepata hasi 0.12, tuseme upande wa pili unapata 0.28. Jumlisha, gawa kwa mbili: 0.08. Hicho ni kiungo kizuri. Mtu asiyejua hili angekata na kuchomelea upya kiungo kisicho na kosa, au mbaya zaidi, angepokea kiungo kibovu kwa sababu upande aliopigia ulimpendelea.

Kuhusu nani wa kumwamini: upotevu wote wa njia, kutoka mwisho hadi mwisho, unapimwa kwa chanzo cha mwanga na pawamita. Mahali upotevu ulipo panatafutwa kwa OTDR. Ukikabidhi kazi kwa grafu za OTDR peke yake umekabidhi nusu.

Tatizo kubwa kwenye pawamita huwa ni rejea, yaani kipimo cha kuanzia. Washa chanzo na ukiache kama dakika 10 kitulie. Unganisha kebo ya rejea moja kwa moja kati ya chanzo na pawamita. Tuseme inasoma hasi 7.2 dBm. Bonyeza REF isome 0.00. Kuanzia hapo usiichomoe kebo hiyo kwenye chanzo hata kidogo, kwa sababu ukiirudisha haitakaa sawasawa na rejea yako imekufa. Ongeza kebo ya pili kwa adapta: ikisoma zaidi ya 0.5, kuna uchafu, safisha kabla ya kwenda mbele. Ndipo utenganishe hizo mbili, ya pili uende nayo upande wa mbali pamoja na pawamita. Namba utakayosoma huko ni upotevu wenyewe.

Pima kwa nanomita 1310 na 1550, zote mbili, hata kama mkataba umetaja moja. Chukua njia ya kilomita 18 yenye viungo 8 vya 0.1 na konekta 2 za 0.5. Kwa 1310, ukihesabu 0.35 kwa kilomita, unatarajia 6.3 na 0.8 na 1.0, yaani 8.1. Kwa 1550, kwa 0.22, unatarajia kama 5.8. Sasa ukipata 8.3 kwa 1310 na 8.5 kwa 1550, usihangaike na konekta. Uchafu na viungo vibaya hula karibu sawa kwenye mawimbi yote mawili. Mkunjo ndio unaoila 1550 na kuiacha 1310. Kuna mahali kebo imebanwa, na mara nyingi ni ndani ya trei ya boksi la maungio, faiba ikiwa imesukumwa na mfuniko.

Kwenye OTDR yenyewe, tumia kebo ya kuanzia yenye mita 150 au zaidi, la sivyo konekta ya kwanza itamezwa na kipande ambacho mashine haioni. Urefu wa mpigo ndio unaoamua uonaji: nanosekunde 10 ni kama mita 1 ya faiba, mikrosekunde 1 ni kama mita 100. Mpigo mrefu unafika mbali lakini unaunganisha matukio mawili yaliyo karibu kuwa moja. Kumbuka pia kwamba umbali wa OTDR ni wa faiba, si wa barabara. Faiba imejisokota ndani ya kebo, na kila boksi lina mizunguko ya akiba. Kabla ya kuchimba, hesabu kutoka boksi la karibu unalolijua, si kutoka kituoni.

Mwalimu alituambia faiba bora hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Kebo ya baharini ya TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi hapa kwetu ni kama kilomita 5,000. Hiyo ni desibeli 1,000! Mwanga unafikaje? — Mwanafunzi, Mombasa

Hesabu yako ni sahihi, na umeuliza swali zuri sana. Desibeli 1,000 ni kugawa nguvu kwa 1 yenye sifuri 100 mbele yake. Miliwati moja ya mwanga wa nanomita 1550 ina chembe za mwanga zipatazo 7.8 zidisha kwa 1 yenye sifuri 15, kila sekunde. Ungeiwasha tangu ulimwengu uanze, bado usingetarajia hata chembe moja kufika Mombasa.

Kinachosaidia ni amplifaya zilizozamishwa baharini pamoja na kebo, kwa kawaida moja kila kilomita 60 hadi 100. Kwa kilomita 80 upotevu ni desibeli 16 tu, na huo unarudishwa na kipande cha faiba kilichotiwa madini ya erbiamu na kusukumwa na leza. Mwanga unakuzwa ukiwa mwanga, haugeuzwi kuwa umeme. Umeme wa kuendesha amplifaya unatoka nchi kavu kwa njia ya shaba iliyo ndani ya kebo hiyohiyo, kwa maelfu ya volti. Gharama yake ni kelele: kila amplifaya inaongeza kidogo, na mwisho wa safari kinachoamua kasi ya kebo ni mwanga umezidi kelele kwa kiasi gani, wala si mwanga una nguvu kiasi gani.

OTDR ya kawaida haiwezi kuona ng'ambo ya amplifaya ya kwanza, kwa sababu ndani yake kuna kizuizi kisichoruhusu mwanga kurudi. Kwa hiyo kebo ndefu za baharini hutumia OTDR ya aina nyingine, yenye kupokea mwanga hafifu mno, na amplifaya hutengenezwa zikiwa na njia ya pembeni ya kuurudisha mwanga huo kupitia faiba ya upande wa pili. Hivyo ndivyo meli ya matengenezo inavyojua iende wapi kebo inapokatika.

Mwalimu akikuruhusu, mwulize pia kuhusu Charles Kao. Mwaka 1966 yeye na George Hockham walionyesha kwamba kioo kikisafishwa hadi kupoteza chini ya desibeli 20 kwa kilomita, kitafaa kwa simu. Vioo vya wakati huo vilipoteza zaidi ya hapo mara nyingi. Mwaka 1970 wataalamu wa Corning, Marekani, walifika 17. Kao alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule TEAMS ilipofika Mombasa.

Redio yetu ya jamii ina mtambo wa wati 300, mnara, na mita 60 za kebo ya RG213 hadi kwenye antena. Mita ya SWR chini, ile ya kuonyesha mawimbi yanayorudishwa na antena, inasoma 1.3, ambayo tumeambiwa ni nzuri, lakini vijiji vya jirani havitupati. Tununue mtambo wa wati 600? — Msomaji, Kigoma

Msinunue kwanza. RG213 kwenye megahezi 100 hupoteza kama desibeli 6.5 kwa mita 100. Mita 60 ni karibu desibeli 4. Wati 300 zinazotoka kwenye mtambo zinafika juu zikiwa kama 120, na 180 zinapasha joto kebo. Kebo ya nusu inchi yenye ganda la shaba, ile ngumu ya minarani, hupoteza kama 2.2 kwa mita 100, hivyo juu mngepata kama 222. Kubadilisha kebo kutawapa karibu kile ambacho mtambo wa wati 600 ungewapa kwenye kebo ya sasa, bila kuongeza bili ya umeme.

Hiyo 1.3 nayo haijasema kweli yote. Mawimbi yanayokataliwa na antena hushuka kwenye kebo na kupotea njiani kabla ya kuifikia mita. Upotevu wa desibeli 4 kupanda na 4 kushuka unaficha desibeli 8. SWR ya 1.3 chini ni mrejesho ulio chini ya kilichorushwa kwa desibeli 17.7, toa 8, kwenye antena ni 9.7, ambayo ni SWR ya kama 2. Yaani asilimia 11 ya kilichofika juu inarudishwa. Na hata antena ikikatika kabisa, mita yenu ya chini itasoma kama 2.3 tu, namba ambayo fundi anaweza kuiona na kudhani ni konekta iliyolegea.

Pimeni kebo hivi. Zimeni mtambo na uchomoeni kwenye umeme. Juu, fungueni kebo kwenye antena na mfunge konekta yenye kiini kilichounganishwa na ganda. Chini, wekeni NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima mawimbi yanayorudi, iliyosawazishwa kwa vifaa vyake vitatu, kati ya megahezi 88 na 108, msome mrejesho. Gaweni kwa mbili: hicho ni upotevu wa kebo kwa safari moja. Rudieni ncha ya juu ikiwa wazi, mchukue wastani. Mrejesho ukiwa 8 kabla ya kugawa, kebo ni kama karatasi ya kiwanda inavyosema. Ukiwa 12, kebo imeingia maji, na kuikausha haisaidii: nyavu za shaba zikishageuka nyeusi, upotevu umekaa. Kama mnara mnashirikiana na kituo kingine kinachorusha, nacho kizimwe wakati huo, kwani mawimbi yake yanaweza kuunguza NanoVNA, mbali na hatari kwa aliyepanda.

Kebo mpya ikifungwa, konekta ya juu ivikwe utepe wa mpira unaojigandisha, kisha utepe wa plastiki juu yake ukizungushwa kutoka chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama bati la paa. Kabla ya kebo kuingia chumbani, ishushwe ikunje na kupanda tena, maji yadondokee nje. Baada ya hapo pimeni antena kwenye mguu wake, juu, kwa kebo fupi. Msitarajie umbali kuongezeka maradufu: nguvu ikizidishwa mara mbili, uga wa mawimbi kijijini unaongezeka mara 1.4 tu. Vijiji vilivyo nyuma ya kilima vinahitaji antena iinuliwe.

Mvua ikinyesha televisheni ya dishi inakatika. Nimeongeza amplifaya nyuma ya king'amuzi, haikusaidia. — Msomaji, Bukoba

Haiwezi kusaidia. Mawimbi ya Ku, ya gigahezi 12 hivi, hupoteza kama desibeli 205 kutoka kwenye setilaiti hata siku ya jua. Mvua inaongeza desibeli kadhaa angani, kabla ya LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, na LNB inakuza kilichobaki pamoja na kelele. Amplifaya iliyo nyuma yake inakuza vyote viwili kwa kiwango kilekile. Kwenye skrini ya king'amuzi, angalia mstari wa ubora na uache ule wa nguvu, halafu ulenge dishi upya polepole mpaka ubora uishie juu kabisa siku isiyo na mvua. Geuza na LNB yenyewe kidogo ndani ya kishikio chake. Dishi la sentimita 90 badala ya 60 linakupa desibeli 3.5 zaidi, na hizo zinaingia kabla ya kelele ya LNB. Amplifaya ina kazi pale tu kebo inapokuwa ndefu, tuseme zaidi ya mita 50 za RG6, na inafungwa jirani na dishi.